Grinda ya upepo na kutu ya pikapu yangu

Leo nimenunua grinda ndogo ya upepo (mashine ya mkononi ya kusugua chuma, inayozungushwa na hewa ya kompresa) hapa Malindi mjini, ya bei nafuu, kwa sababu kutu imekwisha kula sehemu ya chini ya mlango wa pikapu yangu.

Nilitaka ile kubwa zaidi.

Fundi wangu, mzee mwenye subira, akaniuliza kwanza: "Mwanangu, tangi la kompresa yako ni lita ngapi?" Nikamjibu kuwa ni 50. Akanieleza kwamba grinda hula upepo mfululizo, tofauti na kujaza gurudumu, hivyo kompresa ndogo huishiwa katikati ya kazi. Akanisisitizia pia kuwa kasi iliyoandikwa kwenye diski ya kusugulia isipungue ile ya mashine.

Kabla ya kuanza tulifungua koki iliyo chini ya tangi. Yakatoka maji ya rangi ya chai, karibu kikombe kizima, nami nikashtuka kufikiri kwamba yangeingia ndani ya mashine mpya.

Kisha matone machache ya mafuta ndani ya grinda, miwani machoni, na chuma kikaanza kung'aa kama ubavu wa samaki.

Ndugu zangu wa pwani, nyinyi hukipaka nini chuma baada ya kuondoa kutu, kabla upepo wa chumvi haujakirudia?