Imetupasa

Somo: Yohana 9:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza atasaidiwaje. Waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na mwenyewe yuko pale pale, anasikia kila neno.

Swali hilo Sabriye Tenberken alilikuta Tibet mwaka 1997. Ni Mjerumani, naye haoni tangu utotoni. Alizunguka vijijini kwa farasi akiwatafuta watoto wasioona, akakuta wengi wakiamini kwamba kutoona ni malipo ya mabaya ya maisha yaliyotangulia. Kuna watoto waliokuwa wamefungwa kitandani wasije wakajiumiza, hata kutembea hawajui. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Paul Kronenberg wa Uholanzi wakafungua shule mjini Lhasa. Nukta nundu za Kitibeti, yaani maandishi ya wasioona, alikuwa amezibuni mwenyewe mwaka 1992, akiwa bado mwanafunzi, maana alitaka kukisoma Kitibeti. Sasa watoto wakazisoma kwa vidole, wakaongeza Kichina na Kiingereza.

Tusiwashangae Watibeti. Jumuiya yetu ilisali kwa zamu nyumbani kwa mama mmoja miaka mingi. Jioni moja, katikati ya wimbo, tukasikia sauti ya mtoto chumbani ikiitikia kiitikio, tena kwa usahihi kuliko sisi. Mtoto wa miaka tisa, asiyeona, na hatukujua kama yupo! Mama alimficha asije akaulizwa alimkosea Mungu nini. Na sisi, naandika haya kwa uchungu, tungemuuliza.

Yesu alilikataa swali lile: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Kisha akasema, "Imetupasa kuzifanya kazi zake yeye aliyenipeleka maadamu ni mchana." Hebu irudie polepole. Angeweza kusema imenipasa, kwa kuwa muujiza alikuwa anaufanya yeye. Akasema imetupasa. Wale wale waliokuwa wakitafuta mwenye kosa akawaingiza kazini. Halafu akainama, akafanya tope kwa mate yake, akalipaka kwa mikono yake. Jeshi la Wokovu lilipofungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, naamini lilijihesabu ndani ya hiyo "tu".

Yule mtoto wa jumuiya yetu sasa yuko shule ya bweni. Nilimtembelea muhula uliopita. Alikuwa anajifunza kuandika kwa kibao na kalamu ya chuma. Unatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume, kwa sababu nundu hutokeza upande wa pili. Ukishageuza karatasi ndipo unasoma. Alikosea herufi ya tatu ya jina lake. Mwalimu akavuta kiti, akamshika kidole, akakipitisha juu ya nundu moja moja, akampa karatasi nyingine. Akakosea tena, akapewa nyingine. Darasani wako kumi na wanne, na mwalimu ni huyo huyo mmoja. Sikumsikia akipandisha sauti.

Karatasi ya tano, mtoto aliigeuza mwenyewe. Akapitisha kidole hadi mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Mwalimu alikuwa ameshauachia mkono wake.