Mashine ya Mama wa Lang'ata

Juzi mtoto wa dada yangu kanitumia picha ya mashine ya boti, ile ya kizamani ya kuchanganya oili na petroli, kofia imepauka kwa jua, propela imelika pembeni. "Shikamoo mjomba. Mwenyewe anasema ukivuta mara moja tu inawaka. Nichukue?" Nikaanza kumjibu. Nilipofika kwenye neno "inawaka" nikaiweka simu mezani, kwa sababu akili ilikuwa imeshahamia Majengo, Moshi, gereji kwa Fundi, mwaka 2003.

Yule mama alitoka Lang'ata, kule bwawa la Nyumba ya Mungu, na pikapu iliyobeba perege, mashine imelazwa juu ya magunia. Mumewe alikuwa amefariki, boti ilishauzwa, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Mnunuzi naye alikuwa mtu wa bwawani hukohuko, mwenye boti isiyo na mashine. Walishakubaliana laki tisa, kwa sharti kwamba Fundi aipime kwanza, na gharama ya kupima ni ya mnunuzi.

Tukaifunga kwenye ubao juu ya pipa, maji yakavuka usawa wa pampu, nikavuta kamba. Ikawaka palepale. Moshi wa bluu ukajaa gereji, mlio ukatulia, mnunuzi akatabasamu na mama akashusha pumzi. Fundi hakusema kitu. Aliiacha ipate moto vizuri, akaizima, kisha akashika kamba mwenyewe na kuivuta polepole, macho ameyaelekeza ukutani.

"Dogo, hebu shika hapa. Unasikia?"

Nikavuta. Mkono ulikutana na uzito, ukapita, ukakutana na kitu chepesi, ukapita, ukarudi kwenye uzito. Silinda mbili zilizo sawa zinatakiwa zikupinge kwa nguvu moja.

Fundi akatoa plagi zote mbili, maana ukiacha moja ndani unachosha mkono na mwendo wa injini hauwi sawa. Zile plagi akazirudisha kwenye kofia za nyaya zake na kuzifunga kwa waya kwenye bloku, ili cheche zisiruke ovyo kwenye mvuke wa petroli na koili isiumie. Akafungua kipepeo cha kabureta chote. Hilo wengi hulisahau: kipepeo kikiwa kimefungwa, injini haipati hewa ya kutosha ya kubana, halafu unaisingizia ugonjwa isiokuwa nao. Akaifunga geji, ile saa ya kupima mbano kwa psi, kwenye tundu la silinda ya juu, akanipa ishara.

Nilivuta. Mshale ukaruka, ukasimama, ukaruka tena hatua fupi zaidi, kila mvuto ukiongeza kidogo kuliko uliotangulia, hadi ulipokaa kwenye 105 na kugoma kupanda. Mnunuzi alikuwa ameinama karibu kabisa. Akauliza kama 105 inatosha, kwa sababu alishasikia watu wa Tanga wakitaja 120.

"Tanga ni baharini, bwana," Fundi akamwambia. "Hapa Moshi tuko juu zaidi ya mita mia nane, hewa yenyewe ni nyepesi. Ile ya 120 ya Tanga ukiileta hapa itakusomea mia na kidogo. Usishike namba ya mtu. Pima silinda hii na mwenzake, kwa geji moja, mahali pamoja."

Akaihamishia geji silinda ya chini. Nikavuta, mshale ukapanda kivivu. Nikavuta tena, ukasogea kama uliosukumwa na kidole. 50. 58. 62. Nikaendelea kuvuta, jasho linaingia machoni, na mshale haukutoka pale. Nakumbuka kimya kilichoingia, na nakumbuka zaidi kwamba yule mama, ambaye hakuwa amesoma geji maishani mwake, alielewa kabla ya mnunuzi. Alikuwa anatutazama sisi nyuso.

Tofauti ya asilimia kumi kati ya silinda na silinda mafundi wengi huivumilia. Ile ilikuwa karibu arobaini.

Fundi akachukua kopo la oili lenye mdomo mrefu, akanyunyiza kiasi cha kijiko cha chai ndani ya silinda ya chini, akaniambia nivute taratibu ili ienee, kisha nivute kwa nguvu. Mshale ukapanda hadi 88. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ile oili: huziba kwa muda nafasi kati ya ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na ukuta wa silinda. Namba ikipanda, mashaka yanaelekea kwenye ringi na pistoni. Ikikaa palepale, unaanza kufikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake. Mashine za namna hii hazina vali za kusingizia. Kinachobana ni pistoni, ringi, ukuta na hedi, basi.

Kabla ya kumgeukia mnunuzi, Fundi alimgeukia mama.

"Mama, nimeona jambo. Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe?"

"Sema wewe, Fundi. Mimi nitasema nini?"

Akasema yote, bila kupunguza. Kwamba silinda ya chini inavujisha kwenye ringi. Kwamba huenda ringi zimekwisha, au ukuta umechubuka, na hapo kuna kuchonga silinda na kutafuta pistoni ya saizi ya juu. Au huenda masizi yamezigandisha ringi kwenye mifereji yake, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa bila kazi, na hapo hakuna kilichokufa. Wavuvi wengine hupunguza oili kwenye petroli ili kubana matumizi, badala ya mililita 20 kwa lita, na hilo nalo huchuna silinda. Kujua ni lipi, inabidi kufungua, au kumwagia dawa ya kulainisha masizi, kulaza hadi kesho na kupima upya.

"Kesho?" mama akauliza.

"Kesho, mama."

Pikapu ilikuwa inarudi jioni ileile, na mtoto wake mkubwa alikuwa anasubiri ada. Walijadiliana pembeni, chini ya mwembe. Mashine ikaondoka kwa laki sita. Mama alimshukuru Fundi kwa mikono miwili, na mimi nikashindwa kumtazama.

Muda ulipita, mnunuzi akaja kununua plagi. Akatueleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba walipoifungua pistoni ilitoka nzima, ukuta hauna mchubuko, ringi zilikuwa zimeganda tu kwa masizi. Waliosha, wakaweka ringi mpya, na mashine inakata maji hadi leo. Fundi akamuuliza kama anajua anakoishi yule mama siku hizi. Akasema amesikia amehamia Same kwa ndugu zake. Wala hakuna aliyezungumzia laki tatu.

Nimeigeuza habari hii kichwani miaka yote na haijanyooka. Mnunuzi alibeba hatari. Kama ukuta ungekuwa umechunika, angekuwa amenunua bloku ya kutupa. Fundi alisema ukweli mbele ya wote wawili, na ukweli wenyewe ulikuwa na nusu mbili. Lakini nusu ya kwanza ilipatikana kwa dakika chache za kuvuta kamba, na ya pili ilihitaji usiku mzima, na mwenye shida hakuwa na usiku huo.

Baada ya hapo Fundi aliweka utaratibu: anayeuza mashine ailete siku moja kabla ya mnunuzi kufika, ipimwe, ikibidi ilazwe na dawa, ndipo mnunuzi aitwe kushuhudia kipimo cha mwisho. Baadhi ya wanunuzi walinung'unika kwamba anawapendelea wauzaji, na kwamba mashine iliyolazwa na dawa si ile waliyoelezwa. Mmoja aliacha kabisa kuja kwetu. Hoja yao niliielewa, na bado naielewa.