Nyanya zangu zilikuwa zinaozea shambani

Misimu mitatu mizima niliilaumu Kitonga, ule mlima wenye kona kali barabarani. Nalima nyanya Ilula, na mzigo wangu unaenda Ilala, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 juu ya Fuso. Dalali akipiga simu, wimbo ni ule ule: "Mama, matenga ya chini yametoa maji." Nami najibu, kona za Kitonga hizo, baba, nifanyeje?

Siku moja gari likaharibika kabla ya kupakia, matenga yakalala kwangu. Asubuhi nikaona chini ya moja maji yanachuruzika, na tenga lenyewe halijasogea hata hatua. Nikalimwaga. Nyanya nyingi zilikuwa na kitundu kidogo, kama kilichochomwa na njiti ya kiberiti. Nikageuza zilizokuwa zimelaliana nazo, nikakuta vikonyo. Kikonyo kikikauka kinakuwa kama msumari, na tenga likijazwa lumbesa, yaani kupita mdomo, nyanya zinachomana zenyewe.

Nikaanza na hapo. Wachumaji walinuna, maana kutoa vikonyo kunachelewesha, ikabidi niongeze hela kwa kila ndoo. Nilipodai wakate kucha zao pia ndiyo walicheka kabisa.

Saa za kuchuma nazo zilibadilika. Nyanya yenye umande ikifungiwa tengani inavunda, na ya saa nane mchana inaingia na joto lake, inaendelea kuiva na kulainika humo humo. Kwa hiyo tunasubiri umande ukauke, na ikifika saa nne na nusu kila ndoo iko chini ya mwembe. Zilizoiva kabisa haziendi Dar tena, kwa sababu hutoa hewa inayoivisha wenzake. Hizo nauzia abiria wa mabasi barabarani. Zinazosafiri ni zile zilizoanza wekundu kwenye kitako.

Kilichoniumiza ni lumbesa. Mnunuzi ananunua kwa tenga, si kwa kilo, kwa hiyo nilipokataa kujaza kupita mdomo, alikata bei papo hapo. Msimu ule sikuona faida. Uliofuata dalali mwenyewe akawa anaulizia mzigo wangu, kwa kuwa hakuwa na cha kumwaga. Nilijaribu pia kreti za plastiki, na kwa kweli hazina mbao za kukwaruza. Tatizo kurudi. Nilipeleka kumi, zikarudi nne, moja ina manyoya ya kuku.

Kwa siku ambazo gari halipatikani nilijenga kibanda kifupi cha matofali: kuta mbili, katikati mchanga, namwagia maji asubuhi na jioni, juu naezeka nyasi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Kiangazi ukiingiza mkono unasikia ubaridi, na nyanya zinasubiri siku tatu bila kulegea. Masika hakisaidii kitu, hewa yenyewe imeshalowa.

Nikavimba kichwa. Shemeji yangu wa Ruaha Mbuyuni aliniachia gunia la vitunguu, nami nikaviingiza humo, eti navitunza. Kumbe kitunguu kinataka pakavu penye upepo. Aliporudi baada ya wiki tatu alifungua, akatazama majani ya kijani yaliyochomoza, akanigeukia.

"Shemeji, mimi nilikuachia vitunguu. Hii miche ya nani?"