Juma Nililoacha Ngano

Mwanangu ameniuliza kwa nini sili rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, ilhali nyumba nzima inakula, na jibu langu kwamba tumbo halipatani na ngano halikumridhisha, kwa kuwa shangazi yake alikwisha kumwambia kuwa mama yake aliwahi kulia mbele ya muuza chapati.

Shangazi hakusema uongo. Daktari alikuwa amenipima damu kutafuta siliaki, ugonjwa ambao ngano hudhuru utumbo (alisisitiza kipimo kitangulie, kwani mtu akishaacha ngano kingamwili zinazopimwa hupungua na majibu yakapotosha), akaona sina, lakini akanishauri nikae bila ngano kwa muda. Matoke, muhogo, kalo (ugali wa wimbi) na uji wa wimbi vipo tele Kampala, kwa hiyo sikuona tatizo.

Juma lile lile, jioni, nilishuka kwenye teksi pale Wandegeya kichwa kikinigonga tangu asubuhi, nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa amepasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akayakatia humo humo kabichi, nyanya na kitunguu, akakoroga, kisha akamimina kwenye kikaango bapa kilichokuwa juu ya sigiri. Yai lilipoanza kufura pembezoni alilifunika kwa chapati, akavigeuza vyote kwa pamoja, na chapati ilipogusa chuma ikatoa madoa ya kahawia na ile harufu ya unga unaokaribia kuungua.

"Dada, nikufungie moja?"

Nilifungua kinywa niseme hapana, yakatoka machozi. Akadhani nimefiwa, akanipa pole na kigoda. Nilipomweleza kwamba nimeacha ngano tu, alinitazama kwa muda, akanikaangia mayai matupu na kunitoza bei ya rolex nzima.

Hadi leo sina hakika kama iliyokuwa ikinidai ni ngano. Chapati zangu zote zilikuwa na chai ya majani, na nilipoziacha, chai nayo nikaiacha bila kukusudia, kwa kuwa chai kavu hainishuki. Anayekatiza kafeini, ambayo imo kwenye chai, huanza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na maumivu yanaweza kudumu hata juma zima. Mimi naishuku chai, maana nilipoirudia, safari hii kwa muhogo wa kuchemsha, kichwa kilitulia; hamu ya chapati ndiyo haikutulia.