"Sijambo" ilivyoninyima PIP, na nilivyoipata mara ya pili

Mtu wa Tanga akiulizwa hali, jibu liko mdomoni kabla hajafikiri: sijambo, namshukuru Mungu. Hata akiwa na homa. Jibu hilohilo ndilo nililompa mtathmini wa PIP, malipo ya serikali ya Uingereza kwa watu wenye ulemavu, aliyenipigia simu Februari 2025, na wiki chache baadaye bahasha ikaja: alama 4 kwa maisha ya kila siku, sifuri kwa kutembea. Sikupata kitu.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza wenye shida ya macho, kwa sababu nimeshawaona kadhaa wakipata barua kama ile, wakaikunja, wakaitia kabatini na kukubali kwamba hawastahili. Msiikunje.

Ugonjwa wangu ni wa kurithi, wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unaitwa retinitisi pigmentosa. Ulianza na usiku. Utotoni nikitumwa dukani baada ya magharibi nilikuwa naenda nimeshika kuta za nyumba za watu, nikidhani kila mtoto huona hivyo. Baadaye pembeni pakaanza kufifia. Sasa nimebakiwa na tundu la katikati tu, chini ya nyuzi 10, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndani ya tundu hilo naona. Mchana, penye mwanga mzuri, natunga uzi kwenye sindano bila taabu. Lakini kigoda kilichoachwa katikati ya sebule sikioni mpaka nijikwae. Mtu aliyeniona natunga uzi, kesho yake akiniona najigonga mlangoni, hunitazama kama mwongo. Na mimi mwenyewe sikuwa na maneno ya kulieleza jambo hili.

PIP ilianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya malipo ya zamani ya ulemavu kwa watu wazima ambao hawajafika umri wa pensheni. Haiulizi una mshahara kiasi gani wala una akiba gani benki. Mimi nafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli hapa Leicester, na kazi yangu haikunizuia kuomba. Haijali sana jina la ugonjwa pia. Inachotaka kujua ni unavyoishi nao. Kuna mambo 12 yanayopimwa: 10 ya maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa, kutumia dawa na kusoma, na mawili ya kutoka, yaani kupanga na kufuata njia, na kutembea kwenyewe. Kila jambo lina alama zake. Ukifikisha 8 upande mmoja unapata kiwango cha kawaida cha upande huo, ukifikisha 12 unapata cha juu. Tatizo liwe limedumu miezi 3 na litarajiwe kuendelea miezi 9 mingine.

Kuna jambo la kutazama kabla hujainua simu: karatasi zako za uhamiaji. Kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usiombe kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji, kwa sababu PIP ni fedha za umma na unaweza kuiharibu viza. Kwa kawaida pia unatakiwa uwe umekaa nchini miaka 2 kati ya 3 iliyopita, ila waliopewa hadhi ya ukimbizi hawabanwi na sharti hilo la miaka. Na walioko Scotland wana malipo yao mengine ya Scotland, si PIP.

Nilipiga simu Oktoba 2024. Shika tarehe hiyo ya simu, maana ukirudisha fomu kwa wakati, fedha huhesabiwa tangu siku ile. Fomu ilikuja nene, ya maandishi ya kawaida, na nilikuwa na mwezi mmoja wa kuirudisha. Ningeweza kuomba ya maandishi makubwa, ya breli au ya sauti, lakini sikujua, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea maswali usiku na kuandika majibu. Kupika? Naweza kupika. Kuoga? Naoga mwenyewe. Safari? Naenda kazini kwa basi kila siku. Hakuna uongo hata mmoja hapo, na kila jibu lilikuwa linanitoa nje.

Kwenye simu ya tathmini niliomba mkalimani, nikapewa. Alitafsiri kwa uaminifu kila nilichosema: kwamba sijambo, kwamba najitahidi, kwamba mambo nayafanya polepole, mradi nafika. Barua ya kukataliwa ilipokuja, niliomba nakala ya ripoti kwa simu. Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, akanisomea jikoni. Alipofika katikati akanyamaza.

"Wifi, huyu wamemwandika nani? Mbona si wewe."

"Ni mimi. Ni maneno yangu yote hayo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Lugha yetu imetufundisha kufunika. Sijambo, najikaza, si haba, tunasukuma siku. Ni adabu, na kwa mgeni mlangoni ni adabu nzuri. Lakini mtu aliye upande wa pili wa simu ile anaandika anachosikia, hajui kwamba kwetu "najitahidi" maana yake ni kwamba ninaumia.

Wifi ndiye aliyenipeleka kwenye ofisi ya ushauri. Huduma hiyo ni ya bure, hapa shirika la Citizens Advice linaitoa, na RNIB, shirika kubwa la wasioona lililoanza mwaka 1868, lina simu ya ushauri na watu wanaoyajua malipo haya vizuri. Mshauri niliyempata alikuwa mama mtu mzima. Hakunifungulia fomu. Aliniambia: nieleze unavyotengeneza chai.

Nikamweleza, wifi akitafsiri. Nachemsha maji kwenye birika ya umeme, naweka kikombe kwenye sinki ili yakimwagika yasiniunguze miguu, natia ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, namimina mpaka nisikie moto.

"Kidole ndani ya maji yanayochemka?"

"Ncha tu."

Akaomba kukiona. Ni kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ngozi ya ncha imekuwa ngumu na inang'aa, imebabuka na kupona, imebabuka na kupona. Nilikuwa sijawahi kuihesabu kama jeraha. Akauliza kama huwa nakaanga. Nikasema zamani nilikuwa nachoma maandazi kila Jumamosi, siku hizi anachoma wifi. Tangu lini? Tangu mafuta yaliponirukia, nikamwonyesha kovu la kifundo cha mkono. Akauliza kwa nini halimo kwenye fomu. Nikamwambia fomu iliuliza kama naweza kupika.

Ndipo akanieleza kanuni ambayo ningetamani kila mtu aijue kabla ya kushika kalamu. Kwa PIP, kuweza jambo maana yake ni kuliweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila mara linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaotumia mtu asiye na tatizo. Ukikosa moja kati ya hayo manne, unahesabiwa huwezi kulifanya kwa namna ile. Na lazima iwe hivyo kwa zaidi ya nusu ya siku za mwaka, lakini siku inahesabika hata kama shida ilikupata sehemu tu ya siku hiyo.

Basi "polepole" yangu, niliyoisema kama shukrani, ilikuwa ushahidi. Nilikuwa sijawahi kupima ni polepole kiasi gani.

Nilianza daftari la wiki mbili. Kuandika kunanichosha, kwa hiyo nilikuwa narekodi sauti kwenye simu na wifi anaandika. Nanukuu kidogo, kama tulivyopeleka. Jumanne: nimekwenda kazini na blauzi nimeigeuza ndani nje, nimeambiwa na msimamizi. Jumatano: nimeoga, nimeteleza nikitafuta sabuni, nimejishika kwenye chuma cha ukutani. Alhamisi: saa nne na nusu usiku nimeshuka kituo kimoja mbele, nimeingia uwanja wa nyumba ya watu, nimesimama hapo nikimngoja mume wangu anifuate. Ijumaa: kuchagua mchele na kukata vitunguu dakika 55, wifi alipojaribu dakika 15.

Ilikuwa vigumu. Si kwa kazi yake, bali kwa kuyasikia. Jioni moja nilimpigia mama Tanga, nikamwamkia, nikamweleza ninachofanya. Hakufurahi. "Mwanangu usijitabirie. Na kuomba omba huko kwa watu ni kwa nini?" Nikamwambia si kuomba, nakatwa kodi kila mwezi kama wengine, hii ni haki iliyoandikwa. Akanyamaza muda. Kisha akamtaja mjomba wake, marehemu, ambaye kila ikikaribia magharibi alikuwa akikaa barazani na haondoki tena, hata harusi ya jirani haendi. Watu walisema ana kiburi. "Kumbe alikuwa haoni," mama akasema. Alikufa hajamwambia mtu.

Kesho yake niliitoa fimbo nyeupe chini ya kitanda. Halmashauri ya mji ilikuwa imenipa na kunitumia mwalimu wa kunifundisha kuitumia, tangu daktari bingwa wa macho alipotia saini cheti kwamba uoni wangu umeharibika sana. Nilikuwa naiacha nyumbani kwa aibu. Mshauri alipolisikia hilo alishika kichwa, kwa sababu kwenye jambo la kufuata njia, mtu asiyeweza kufuata njia mpya bila mtu mwingine, mbwa wa kuongoza au kifaa kama fimbo ndefu anapata alama 10. Asiyeweza hata njia anayoijua anapata 12. Mimi niliandika kwamba naenda kazini kwa basi. Sikuandika narudi vipi.

Hii ndiyo sehemu iliyobeba kesi yangu. Zamu yangu inaisha saa nne usiku. Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa kumi jioni, na hata Juni, linapochelewa mpaka karibu saa tatu na nusu, mimi natoka tayari giza. Siku tano kwa wiki narudi bila kuona kitu. Njia ninayoijua mchana, usiku siijui, kwa hiyo wifi alikuwa akinisubiri kituoni na tochi. Tano kati ya saba ni zaidi ya nusu.

Kuomba uamuzi uangaliwe upya kuna muda wa mwezi mmoja tangu tarehe ya barua, nami nilikuwa nimebakiza siku tisa. Tulipeleka barua iliyoeleza jambo moja moja, nakala ya daftari, barua ya mwalimu wa fimbo, maelezo ya wifi na nakala ya cheti cha macho. Cheti chenyewe si sharti la PIP na wala hakikupi alama, lakini kinakuwezesha kuandikwa kwenye daftari la wasioona la halmashauri, na huko kuna mambo yake: mwaka wa kodi 2025/26 asiyeona aliyesajiliwa kwa kiwango hicho aliongezewa pauni 3,130 zisizokatwa kodi, na leseni ya televisheni ni nusu bei. Mimi sikuyajua hayo kwa miaka.

Jibu lilikuja Juni. Kupika 4, kwa kuwa nahitaji mtu. Kuoga 2 kwa chuma cha ukutani. Kuvaa 2. Kusoma 2 kwa kuwa natumia simu kukuza maandishi, maana miwani ya kawaida haihesabiwi lakini kikuzio kinahesabiwa. Dawa 1 kwa kisanduku changu cha dawa chenye vyumba vya siku. Jumla 11. Njia, 12.

Kwa viwango vya 2025/26 hiyo ilikuwa pauni 73.90 za maisha ya kila siku na 77.05 za kutembea, kwa wiki, zikilipwa kila wiki nne, na malimbikizo tangu ile simu ya Oktoba. Alama moja zaidi ingenipandisha kiwango upande wa kwanza. Mshauri aliniambia naweza kukata rufaa kwenye baraza huru, bila malipo, ila baraza linaweza kufungua kila kitu upya na hata kupunguza. Tuliongea na mume wangu tukaamua kuacha hapo. Mwingine angeendelea, na angekuwa na sababu.

Wifi naye tulimwombea posho ya mlezi, iliyokuwa pauni 83.30 kwa wiki mwaka 2025/26, kwa anayemhudumia mtu kama mimi saa 35 au zaidi kwa wiki. Alikataa mwanzoni, akasema kumpikia wifi yake si kazi. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyosema mimi kwenye fomu.

Fedha ya kutembea karibu yote inakwenda kwenye teksi. Inanishusha mlangoni saa nne na robo usiku, fimbo mkononi. Wifi siku hizi hulala mapema.