Kuanguka hata mimi naweza

Maneno manne tu. Niliyasema Jumapili usiku bila hata kuinua macho kwenye cherehani, na leo Alhamisi bado yananirudia.

Profesa (mtoto wa kaka, yule aliyenifungulia redio ikashindikana kufungika) alinijia mbio na simu ya baba yake. "Shangazi, ona huyu! Kavunja rekodi ya dunia!" Nikachungulia: mtu kavaa kama mwanaanga, kasimama mlangoni mwa kitu kama debe, huko chini dunia imepinda.

"Kafanya nini?"

"Kaanguka."

Ndipo nikayatoa hayo manne. Wifi akacheka. Mtoto hakucheka. Akasema, "Basi," akazima simu, akakaa anakunja na kukunjua kipande cha bitana mpaka alipoitwa kulala.

Hiyo "basi" ndiyo inayoniuma. Angenijibu kijeuri ningelala usingizi wangu. Wiki yenyewe haikuwa ndogo, kaka kahamishwa kazi na wanaondoka mwisho wa mwezi, lakini mimi kila nikipitisha uzi kwenye sindano naisikia ile "basi."

Jana usiku nikamtafuta huyo mwanguka. Felix Baumgartner, Oktoba 14, 2012, karibu kilomita 39 juu ya New Mexico, Marekani. Alishuka kwa kasi ya kilomita 1,357 kwa saa, akaipita sauti kwa mwili wake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Alan Eustace, mtu wa kompyuta, miaka 57, akaning'inizwa chini ya puto bila hata chumba cha kukaa, akajiachia kutoka kilomita 41. Huyu hakupigiwa tarumbeta, na ndiye niliyempenda zaidi. Hata hivyo moyoni nilikuwa bado nasema: michezo ya watu wasio na kazi.

Halafu nikafika kwa Joseph Kittinger, 1960. Jeshi la anga la Marekani lilitaka kujua rubani akilazimika kuruka kutoka juu sana atafikaje chini akiwa hai. Mwaka mmoja kabla, kamba ya kiparachuti kidogo, kile cha kumzuia mtu asizunguke, ilimzonga shingoni, akazunguka kama pia mpaka akazimia; akaokolewa na parachuti iliyojifungua yenyewe. Akarudia. Safari hii, puto likiwa linapanda, glavu ya mkono wa kulia haikujaa hewa. Na huko, ukipita kilomita 19 hivi, maji huchemka kwa joto la mwili tu. Mkono ukavimba, hausogei. Akanyamaza, akijua wakisikia watamwambia ashuke. Akaruka hivyohivyo kutoka kilomita 31.

Niliweka simu chini, nikautazama mkono wangu wa kulia. Nikakaza kidole gumba. Huu ndio unaotulisha.

Ikabidi nimfikirie aliyetengeneza ile glavu. Mimi nimeshawahi kurudishiwa gauni limeachia kwapani. Mteja akanisema, nikalishona upya, yakaisha. Mwaka 1962 Mrusi Pyotr Dolgov, naye akiruka kutoka kwenye puto, aligonga kioo cha helmeti kwenye chombo wakati anatoka, kikapata ufa, hewa ikamtoka kwenye suti. Alifika chini amekufa. Ufa tu. Sasa huyo wa 2012 aliingia kwenye mzunguko uleule wa pia, kwa kasi kuliko sauti, na suti ikashika. Vipimo viliubana mwili wake muda wote, madaktari wakapata wanachokitaka. Eustace alitumia kiparachuti, akashuka ametulia. Nikajikuta saa saba usiku nachora kwa chaki juu ya meza pale kamba inapopaswa kukaa ili isifike shingoni.

Asubuhi nikamngoja Profesa mlangoni na hotuba yangu yote.

"Profesa, unajua kwa nini yule wa pili hakuzunguka?"

"Wa pili yupi, shangazi?"

"Wale wa puto!"

"Aaa, wale." Akavaa kiatu. "Mimi siku hizi nasoma pweza. Unajua ana mioyo mitatu?"

Akaondoka. Nilicheka peke yangu mpaka wifi akatoka kuuliza kulikoni. Siku nne nimejichoma moyo, mwenzangu kumbe alishahamia baharini tangu Jumatatu.

Ila cherehani inagonga. Imeanza mchana, ko-ko-ko, pale mguu unapokanyaga. Nimebadilisha sindano mara mbili, nimetia mafuta, bado. Na sare arobaini hazijaguswa.