Kumbukumbu ya mradi: kuondoa njano kwenye mito ya kulalia

Mito iliyomo kwenye mradi huu ni minne: miwili ya poliesta, mmoja wa sufi na mmoja wa sponji. Yote imeshika njano inayoelekea kahawia, nzito zaidi katikati, pale shavu linapolala. Foronya zake ni safi na hufuliwa mara kwa mara, kwa hiyo mgeni hawezi kujua. Mimi nalala juu yake kila usiku na nimetaka kwa muda mrefu kulishughulikia jambo hili kwa mpango, mto kwa mto.

Kabla ya kugusa maji

Kwanza nilitaka kujua njano hii ni kitu gani. Jasho karibu lote ni maji na chumvi, na peke yake haliachi rangi kubwa. Kazi kubwa hufanywa na mafuta ya ngozi na ya nywele. Yanapenya foronya, yanazama kwenye kitambaa cha mto, kisha yanaungana na oksijeni ya hewani na kubadilika rangi polepole. Ndiyo maana mto huweza kuwekwa kabatini ukiwa mweupe na kutolewa miezi kadhaa baadaye ukiwa wa njano. Udenda huongeza protini yake, na losheni ya usiku na nywele mbichi huongeza vyake.

Basi mpangilio ukawa huu: mafuta yatoke kwanza, weupe ufuate. Ukianza na dawa ya kung'arisha, nguvu yake yote inaishia kwenye utando wa mafuta na doa linabaki chini.

Blichi ya klorini nimeiacha kabisa. Ni kali kwa viini na ina kazi zake nyumbani, lakini kwenye madoa ya jasho na protini huweza kuongeza njano, na maji yakiwa na madini ya chuma huyafanya yaache kutu kwenye kitambaa. Manyoya, hariri na sufu huharibika nayo.

Kuna mchanganyiko maarufu sana wa kufulia mito: sabuni ya unga, poda ya mashine ya kuoshea vyombo, boraksi (chumvi ya madini ya kusafishia) na blichi, vyote pamoja. Siupendekezi. Poda nyingi za mashine za vyombo zina dawa ya oksijeni ndani yake, na dawa hiyo ikikutana na blichi zinauana; kinachobaki ni chumvi, maji na mapovu ya oksijeni. Siki na magadi ya kuokea vikimiminwa pamoja hupotezana vilevile. Povu lile linapendeza macho tu. Kibaya zaidi ni blichi na siki, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, au blichi na amonia. Hizo ni sumu za mapafu, na bafu dogo halina pa kuzitolea.

Mito ya poliesta

Kabla ya kuilowesha niliipima kwenye mizani ya jikoni. Mmoja ulikuwa na gramu 640. Namba hii ilinisaidia baadaye kuliko kitu kingine chochote katika mradi mzima.

Nilipaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya madoa, matone machache tu, nikasugua kwa brashi laini na kuacha kidogo. Baada ya hapo nikailoweka mito kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, ile ambayo lebo yake inataja protiasi na lipasi. Protiasi hukata protini za udenda, lipasi hukata mafuta. Maji ya moto sana huviua vimeng'enya na huikaza protini kwenye nyuzi, kwa hiyo moto haukuwa na haraka.

Mto huelea. Hewa iliyomo ndani inaunyanyua, na upande wa juu unabaki mkavu. Niliukandamiza kwa viganja hadi mapovu yakaisha, kisha nikaweka sinia zito juu yake. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na sikuwa bado nimetia dawa yoyote ya weupe.

Beseni la pili lilikuwa la moto, kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, na sodiamu pakaboneti, kiasi cha gramu 10 kwa lita. Hii ndiyo poda nyeupe inayouzwa kama dawa ya oksijeni ya kuondoa madoa. Ndani ya maji huachia haidrojeni peroksaidi na magadi ya kufulia: ya kwanza huvunja rangi, ya pili husaidia kung'oa mafuta yaliyobaki. Kwenye maji baridi hufanya kazi kwa uvivu mno. Ikishayeyushwa itumike siku hiyohiyo, na isifungwe kwenye chupa iliyozibwa, kwani oksijeni inaendelea kutoka na chupa huweza kupasuka.

Kisha mashine ya kufulia, mito yote miwili pamoja ili pipa lisiyumbe, na kusuuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo sikutia. Huacha utando juu ya nyuzi, na utando ndio niliokuwa naupigania. Anayefua kwa mkono asiusokote mto kama taulo: nyuzi hukusanyika kuwa mabonge yasiyofumuka tena. Aukandamize tu.

Kukausha, ambako mito mingi huharibikia

Ngozi ya mto hukauka mapema na kudanganya kiganja. Jioni ya kwanza ule wa gramu 640 ulionekana mkavu kabisa, lakini mizani ilisoma 710. Gramu zisizopungua 70 za maji zilikuwa zimejificha katikati, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Niliurudisha juani kesho yake, nikiugeuza na kuupigapiga pande zote. Ulipofika 633, chini ya uzito wa mwanzo kwa sababu uchafu ulikuwa umetoka, ndipo nikaanua.

Jua halikaushi tu, linang'arisha pia, na kwenye kitambaa chenye unyevu linang'arisha vizuri zaidi. Katika karne ya 17 huko Haarlem, Uholanzi, vitambaa vya kitani vilitandazwa kwenye viwanja vya nyasi na kulowanishwa ili viwe vyeupe. Nimefanya vivyo hivyo kwa udogo wake: pale katikati palipobaki na njano nilikuwa napanyunyizia maji na kupageuzia juani.

Matokeo: pembeni ni weupe kamili, katikati kuna kivuli hafifu kinachoonekana mchana tu. Loweko la pili la pakaboneti limekipunguza tena. Bluu ya kufulia ingekificha, kwa kuwa bluu huizima njano machoni, lakini haiondoi chochote, na mimi nataka kitoke.

Mmoja wa mito hii miwili nimeukunja katikati na kuuachia, haukurudi. Nyuzi zake zimechoka. Ni mweupe, lakini hauwezi tena kubeba shingo, na nimeuhamishia kwenye kiti.

Sufi

Huu sikuuloweka. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani na nta ya asili juu, zinakataa maji, ndiyo maana zamani zilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea. Zikilazimishwa kufuliwa zinashikana. Nilifumua mshono ndani ya chumba kisicho na upepo, nikahamishia sufi kwenye foronya kuukuu na kuifunga mdomo, nikaianika juani na kuichambua kwa vidole kupitia kitambaa. Ilivimba hadi nikashangaa. Ganda la mto likapita njia ileile ya mabeseni mawili, na likiwa tupu limetoka jeupe kuliko yote.

Sponji

Hapa lengo lilibadilika. Sponji ya poliurethani hugeuka njano yenyewe kwa mwanga na hewa, na hakuna dawa inayoirudisha. Mashine huichana. Nimefua jalada lake, sponji nimeipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuiacha kivulini penye hewa. Jua lingeizidishia njano. Haimeguki na bado inasukuma mkono kurudi, kwa hiyo inabaki.

Kinachoendelea sasa ni kushona. Kila mto unapata jalada la ndani la pamba, chini ya foronya, la kufuliwa kila baada ya foronya kufuliwa mara chache. Ule wa sufi nauwekea zipu ya sentimita 30 mahali pa mshono wa zamani, ili msimu ujao ganda livuliwe bila kufumua uzi.